Tupeane uzoefu: hoja gani ilikukamata ukaona ina akili, kumbe upepo mtupu?

Mtoa mada:
Wakuu habari za jioni. Juzi kikao cha familia tunajadili mzee arudi kliniki ya presha maana dawa anarukaruka, baba mdogo akasimama akasema "babu yenu hakumeza hata kidonge kimoja na kafa na miaka 92", sebule nzima ikaitikia na kikao kikaishia hapo. Nimelala nawaza, hivi wale wenzake babu ambao nao hawakumeza vidonge wakafa na miaka 50, nani atawaita kikaoni waje kutoa ushahidi? Leteni za kwenu, hasa zile zilizokula hela.

#2
Mimi gari. Nilinunua kigari cha mkononi mwa mtu, injini ikaanza kula oili, fundi akasema laki nne, nikatoa, mwezi haujaisha giaboksi, laki sita. Waifu akasema uza hata skrepa, nikamjibu niuze vipi wakati nimeshatia milioni? Basi kwa sababu nimetia milioni nikatia nyingine, na kwa sababu zimekuwa mbili nikaona aibu kuachia njiani nikatia ya tatu. Kumbe ile ya kwanza ilishaondoka, niuze nisiuze hairudi, cha kujiuliza kilikuwa kimoja tu, hii laki tano iliyoko mfukoni leo, ningekuwa silijui hilo gari ningelipa ili nipewe? Ningekimbia aisee. Sasa hivi kuku wanatagia siti ya nyuma, nikipiga hesabu yai moja linaniangukia kama elfu tano hivi.

#3
Mkeka wa kubeti umenimaliza. "Timu imefungwa mechi tano, ya sita lazima ishinde." Bro mmoja wa hesabu akanisimulia kasino ya Monte Carlo mwaka 1913, ruleti, lile gurudumu la kamari lenye nyekundu na nyeusi, ikadondokea nyeusi mara 26 mfululizo, watu wanamwaga hela kwenye nyekundu eti zamu yake imefika, wakakaushwa. Gurudumu halina kumbukumbu. Na timu iliyofungwa mara tano mfululizo pengine ni mbovu tu jamani.

#4
Yangu haichekeshi. Nilimwambia mdogo wangu huyo mume anampiga, atoke. Akanijibu "dada wewe umeachika, utanifundisha nini kuhusu ndoa?" Nikanyamaza, maana kuachika nimeachika kweli. Ila kuachika kwangu na jicho lake lililovimba vinahusiana nini? Nilitakiwa nimuulize hivyo palepale, imenichukua mwaka mzima kulipata hilo jibu.

#5
Ukisema tu refa kawapa Yanga penalti ya mchongo basi "kumbe wewe Simba". Mimi Coastal Union wakuu, nani ananiwekea timu?

#6
Mtoa mada umesoma mavitabu yote hayo na bado unapanda daladala, si bora baba mdogo mwenye nyumba tatu.

Mtoa mada:
#6 ahsante mkuu, nilikuwa natafuta mfano wa kuijibu pochi ya mtu badala ya hoja yake.

#7
Mtoa mada na wewe angalia usije ukalewa. Mimi mzee wangu alikataa kuuza shamba, sababu yake "halijawahi kuuzwa tangu enzi za babu". Nikamkamata hapohapo, nikamwambia hiyo sio sababu, hiyo ni mazoea, watu wangapi wamefanya makosa tangu enzi za babu? Akakosa jibu, ndugu wakanipigia makofi, tukauza. Mwaka uliofuata lami ikapita palepale. Mzee hoja yake ilikuwa mbovu kweli, lakini shamba lilikuwa halitakiwi kuuzwa, na mimi sikupiga hesabu yoyote ya shamba, nilikuwa bize kushinda ubishi.

Mtoa mada:
Hiyo ya shamba imeniuma mkuu. Kesho naenda kumsikiliza daktari kwanza kuhusu presha ya mzee, baba mdogo nitamrudia baadaye.