Serikali ikitaka treni ziundwe hapa kwetu, ianzie wapi?

Mkaazi wa Changamwe
Salaam wana baraza. Vichwa vya treni na mabehewa ya SGR, reli mpya ya Kenya, yaliteremshwa bandarini kwetu yakiwa yameshaundwa Uchina. Vijana wa kuchomea vyuma tunao, karakana zipo. Serikali ikitaka kusaidia, itoe ruzuku kwa kiwanda ama kuna njia nyingine?

Bogi25
Oda kwanza, ruzuku baadaye. Kiwanda cha Alstom kule Derby, Uingereza, kina mafundi na mashine zote, lakini mwanzoni mwa 2024 kilikaribia kukosa kazi kwa kuwa oda za zamani zilikwisha na za HS2, reli yao mpya ya mwendo kasi, zilikuwa bado. Kilinusurika kwa oda ya treni 10 za laini ya Elizabeth ya London, Juni 2024. Afrika Kusini nao waliagiza treni 600: 20 za mwanzo zikatoka Brazil, 580 zikapangiwa kiwanda cha Gibela, Dunnottar, kwa sharti la 65% ya thamani itoke nchini.

Sisi treni 600 hatuna pa kuzipeleka. Sahau kichwa, anza na behewa la makontena. Fremu iundwe hapa. Magurudumu, beringi na vali za breki ziendelee kununuliwa.

Fundi Chuma
Hapo kwenye fremu ndipo pesa hupotea. SGR inabeba tani 25 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu mawili), yaani behewa la ekseli nne hufika tani 100 likijaa. Mabati membamba ya kiwanda cha Mariakani hayahusiki, boriti kuu inataka bamba nene.

Na joto letu hili la pwani lina unyevu. Elektrodi za E7018, vijiti vya kuchomea vyuma, zikiachwa wazi huunyonya, hidrojeni ikaingia kwenye kiungo, na ufa ukatokea saa nyingi baada ya chuma kupoa, pengine rangi imeshapakwa. Zikaushwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, kisha zikae kwenye oveni ndogo ya nyuzi 120 hivi mpaka zitumike. Upimaji wa nyufa kwa mawimbi ya sauti usubiri saa 48. Anayetumia MIG, yaani kuchomea kwa waya na gesi ya kukinga, azibe upepo wa bahari, la sivyo gesi inapeperuka na kiungo kinajaa vitundu.

Cheti cha chuo pekee hakitoshi. Mtihani wa ISO 9606, kiwango cha kimataifa cha wachomeaji, ni kwa kila mkao na aina ya kiungo, na kila miezi 6 lazima ithibitishwe kwamba fundi bado anachomea. Oda zikikatika mwaka mzima, vyeti vyenyewe vimekufa.

Bi Reli
Ndiyo maana mimi sikubali tuanze na behewa jipya. Ukarabati hauna msimu: kuchonga upya magurudumu yaliyolika, kubadilisha beringi, kupima uvujaji wa breki za hewa. Serikali inunue mashine ya kuchongea na iwalipe wanagenzi.

Mkaazi wa Changamwe
Ahsante bibie. Na fedha?

Bogi25
Ushuru wa Maendeleo ya Reli unakatwa kwenye bidhaa zinazoingia tangu 2013, ulianza kwa 1.5%. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo inaruhusu kupendelea bidhaa za hapa. Bi Reli ana haki kuhusu ukarabati, lakini tenda ya mabehewa iandikwe sasa: machache kila mwezi kwa miaka mitano, si mia mbili kwa mkupuo. Tena waangalie forodha. Bamba likitozwa ushuru na behewa zima lipite bure, hakuna karakana itakayoshinda tenda hiyo.