Daktari kusomea saikoanalisisi, ni kazi kweli au napoteza miaka?

Shubaka:
Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, wodi za upasuaji napita freshi tu na za watoto hivyohivyo lakini kinachonishika ni wagonjwa wa akili. Mpango wangu nikimaliza intanshipu nibobee magonjwa ya akili halafu niingie kwenye uchanganuzi nafsi, yaani hiyo saikoanalisisi, ile mgonjwa analala kwenye kochi anaongea chochote kinachomjia na wewe umekaa nyuma yake unasikiliza. Sasa kila ninayemwambia ananicheka, mara hiyo ilikufa na mwanzilishi wake Freud, mara hata udaktari hauhitajiki kwa hiyo kwa nini ujitese. Naomba kujua inachukua miaka mingapi, udaktari unaongeza nini, na mtu anaishi kweli kwa kazi hiyo? Wa kejeli piteni kimya.

KochiNaKiti:
Dogo karibu, niko kwenye hii kazi, ngoja nikupe picha. Udaktari unaujua mwenyewe, ubobezi wa akili weka mingine mitatu, minne au zaidi kutegemea nchi, na hapo ndio kwanza unabisha hodi kwenye taasisi ya wachanganuzi, ambayo mara nyingi si chuo kikuu bali ni chama cha wachanganuzi wenyewe, na nyingi ziko chini ya chama cha kimataifa kilichoanzishwa 1910. Mafunzo yana vipande vitatu tangu taasisi ya Berlin ya miaka ya 1920: semina, wagonjwa wako wa kwanza unaowaona huku mkongwe anakusimamia kesi kwa kesi, na cha tatu ni wewe mwenyewe kulala kwenye kochi. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mara tatu hadi tano kwa wiki, dakika 45 au 50, miaka kadhaa, na unalipa kutoka mfukoni kwako huku unafanya zamu zako za hospitali kama kawaida. Kwenye karatasi utaambiwa miaka minne au mitano ila usishangae ukimaliza ya nane.

Na si kwamba unalala pale kutimiza sharti. Mgonjwa atakuchukia, atakupenda, atakuona kama baba yake, na wewe yatakupanda ya kwako, sasa kama hujawahi kuyaona ya kwako utamjibu kwa hasira zako ukidhani ni tiba.

Nyundo_ya_Pili:
Mkuu mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Dogo tafuta kesi ya Osheroff. Huyu alikuwa daktari wa figo Marekani, akapata sonona kali, 1979 akalazwa Chestnut Lodge, hospitali iliyokuwa na jina kubwa kwa tiba ya mazungumzo, akakaa miezi kama saba anaongeleshwa tu bila dawa na hali inazidi kuporomoka. Familia ikamhamisha hospitali nyingine, akapewa dawa, ndani ya miezi michache akatoka, akafungua kesi 1982 na wakamalizana nje ya mahakama. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 1980 nao ukaachana na maelezo ya ki-Freud kwenye kutambua ugonjwa. Na Aaron Beck, baba wa tiba ya utambuzi (ile ya kurekebisha namna mtu anavyofikiri), alikuwa daktari aliyesomea uchanganuzi huohuo kabla hajaupa mgongo miaka ya 60. Aliyekuwa ndani akatoka, wewe unaingia kufanya nini?

BintiSauda:
Nyundo punguza moto kaka 😂 Mimi nimetokea saikolojia sio udaktari na nimefunzwa darasa moja na madaktari. Hoja ya lazima uwe daktari ni ya zamani na ilishapigwa. 1926 mchanganuzi Theodor Reik alishtakiwa Vienna kwa kutibu bila kuwa daktari na Freud akaandika kitabu kizima kutetea kwamba udaktari si sharti. Hata wachanganuzi wakubwa, Anna Freud, binti yake Freud, alikuwa mwalimu wa shule. Melanie Klein hakuwa na digrii. Chama cha wachanganuzi cha Marekani ndicho kilichong'ang'ania madaktari mpaka wanasaikolojia walipokishtaki 1985, na baada ya miaka kama mitatu kikalegeza. Kwa hiyo Shubaka kama unachotaka ni kochi tu, kuna njia fupi kuliko hiyo yako.

KochiNaKiti:
BintiSauda uko sahihi, ila yeye udaktari anakaribia kuumaliza, hawezi kuurudisha dukani. Swali ni aufanyie nini.

Anachopata: mtu atakuja anasema amechoka, analia ovyo, moyo unakwenda mbio, na wewe utakumbuka kupima thairoidi, ile tezi ya shingoni, kabla hujaanza kumuuliza ndoto. Mtu mzima ambaye tabia yake imegeuka ghafla utafikiria kifafa au uvimbe kwenye ubongo. Dawa unaandika, au unashirikiana na mwenzako aziandike yeye ili wewe ubaki na mazungumzo, wengi tunapenda hivyo. Kwa hiyo kesi ya Osheroff ni kweli tupu na inafaa ifundishwe, ila kosa lilikuwa kumnyima mtu dawa, mazungumzo hayakuwa na kosa. Hata utafiti wa kliniki ya Tavistock ya London uliotoka 2015, wa watu ambao sonona yao ilikuwa imegoma kwa matibabu mengine, walipewa tiba ya mrengo huu mara moja kwa wiki kwa miezi 18 na tofauti ikaonekana zaidi baada ya tiba kwisha, ingawa waliopona kabisa walikuwa wachache, tusidanganyane.

Anachopaswa kuacha ndio kigumu zaidi: haraka. Miaka yote umefundishwa dalili, utambuzi, dawa, anayefuata. Huku mgonjwa ananyamaza dakika ishirini na kazi yako ni kutoharibu ule ukimya. Madaktari kwenye semina ndio wa kwanza kuropoka ushauri, naona kila mwaka.

Hela sasa. Piga hesabu, ukiona watu wanane kwa siku, siku tano, ni vikao 40, na kila mmoja anakuja mara nne kwa wiki, una wagonjwa kumi tu basi. Ndio maana karibu hakuna anayeishi kwa kochi peke yake, unakuwa na siku za hospitali, za kliniki ya dawa, unafundisha, unasimamia wanagenzi, halafu kochi ni watu wawili watatu. Ujerumani wana nafuu, bima inaweza kulipa hadi vikao 300 na madaktari wana ubobezi wao rasmi wa tiba ya mwili na nafsi, lakini sehemu nyingi ni mfuko wa mgonjwa, na hilo kusema kweli ndilo linalonikera kwenye fani yangu.

Nyundo_ya_Pili:
Angalau umekiri, ni tiba ya wenye nazo.

BintiSauda:
Sio lazima iishie kwenye kochi lakini. Mwingereza Winnicott alibaki daktari wa watoto maisha yake yote ya kazi huku akiwa mchanganuzi. Mchanganuzi Balint alikusanya madaktari wa kawaida London miaka ya 50 wajadili wagonjwa wanaowachosha, vikundi vya aina hiyo vipo mpaka leo. Na Eric Kandel aliingia udaktari 1952 lengo likiwa kuwa mchanganuzi, akaishia kuchunguza kumbukumbu kwa konokono wa baharini na Nobel ya 2000 juu. Huwezi kujua itakupeleka wapi.

Shubaka:
Asanteni sana wakuu, Nyundo na wewe nashukuru. Moja la mwisho, naweza kuanza kulala kwenye kochi sasa hivi nikiwa bado mwanafunzi ili miaka ihesabike?

KochiNaKiti:
Kulala unaweza, kuhesabiwa ndio shida. Taasisi nyingi zinataka uchanganuliwe na mtu waliyemwidhinisha wao kwa ajili ya mafunzo, ukianza na mwingine wanaweza kukuambia uanze upya. Waandikie kwanza uwaulize orodha yao, na ukimpata muulize ada kwa mwanafunzi, wapo wanaopunguza.