Tupeane uzoefu: mliofika Jamaika, ni wapi hamtapasahau?

MwanaPangani:
Wakuu, jana harusini wamepuliza baragumu, mawazo yangu yote yakaenda Accompong, kijiji cha Wamaroon, wale wajukuu wa watumwa waliotorokea milimani. Kila tarehe 6 Januari Wamaroon wanapuliza abeng, pembe ya ng'ombe, na watu wanakusanyika chini ya mwembe wa Kindah. Hao ni kizazi cha Cudjoe, kiongozi wao aliyewahenyesha Waingereza milimani mpaka wakatia saini mkataba mwaka 1739. Machozi yalinitoka mbele za watu. Mliofika kisiwani, leteni yenu.

BintiSalum:
Kabisa. Ile sauti inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kigogo77:
Mkataba msiusome nusu. Wamaroon walikubali kuwarudisha watumwa waliotoroka mashambani. Na mtumwa Tacky alipoongoza uasi mwaka 1760, aliyempiga risasi ni Mmaroon. Hilo nalo tulilie?

MwanaPangani:
Wewe uko msituni na watoto, mashamba yamechomwa, njaa inakuuma. Ungesaini au usingesaini?

Kigogo77:
Waliorudishwa kwenye minyororo nao walikuwa na watoto.

MjukuuWaMarangu:
Naomba niwakatishe. Mimi ni mlima wa Blue Mountain. Kilele kina mita 2,256, na mtu wa Marangu akisikia hivyo anaona ni matembezi ya jioni. Tulianza saa nane usiku ili tuwahi jua likichomoza, mimi, mdogo wangu na kijana mwenyeji wa kutuongoza. Tulipokaribia juu ukungu ukashuka, ikafuata mvua ya baridi. Nikageuka kusema neno, nyuma hakuna mtu. Nikaita, kimya. Nikaita tena, nasikia maji tu yakidondoka kwenye majani. Wakuu, pale nilishaanza kufikiria nitamwambiaje mama. Yule kijana akarudi chini mbio na tochi, akamkuta mdogo wangu amekaa kwenye matope pembeni ya njia, midomo inatetemeka, hawezi kutoa hata jina lake. Akavua koti lake mwenyewe, akamvika, akamnywesha kahawa ya moto kidogo kidogo kwenye kifuniko cha chupa, huku akimsugua mikono na kumwimbia. Kulipopambazuka akasimama. Wanasema anga ikiwa safi unaiona Kuba. Sisi tuliona weupe mtupu, na sikujali.

BintiSalum:
Jamani! Mdogo wako anaendeleaje?

Kigogo77:
Huyo kijana Mungu amlipe. Mlimpa kitu cha maana?

MjukuuWaMarangu:
Mzima kabisa. Kijana alikataa nyongeza, tukaipeleka kwa mama yake.

Mzizima_Toronto:
Port Royal, mji wa bandari karibu na Kingston, nenda kanisa la Mtakatifu Petro, usome kaburi la Lewis Galdy, Mfaransa. Tetemeko la tarehe 7 Juni 1692 lilimmeza ardhini, mtikisiko uliofuata ukamtemea baharini, akaogelea mpaka mashua ikamchukua. Akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo! Theluthi mbili ya mji iko chini ya maji hadi leo.

MamaZawadi:
Maporomoko ya Dunn's River, yale watu wanayoyapanda kwa miguu, vaeni viatu vya majini, mawe yanateleza. Na shikaneni mikono.

Kibaha_boy:
Peku ndiyo unashika jiwe vizuri. Na mikono usimpe mgeni, akiteleza mnaenda wote. Mpe mwenye mwili mdogo 😂

MamaZawadi:
Usipotoshe watu. Na siku meli za utalii zikitia nanga Ocho Rios, msiende, foleni inatoka juu hadi ufukweni.

Asha_wa_Kisauni:
Nataka kumpeleka mama, magoti yanamsumbua. Wapi hapatamtesa?

Mzizima_Toronto:
Port Royal hiyo hiyo. Ngome ya Fort Charles ni tambarare, mtembee taratibu. Ndani yake kuna Giddy House, ghala la silaha lililoinamishwa na tetemeko la 1907. Pale mama abaki mlangoni, maana sakafu imelala upande na hata vijana wanapepesuka. Jua la pale ni kali, mchukulie mwavuli na maji.