Mjadala: KBC, shirika la utangazaji la umma la Kenya, ianzishe chemsha bongo ya habari yenye vichekesho?

Mlinzi wa Rimoti: Waingereza wana kipindi cha namna hiyo, *Have I Got News for You*, tangu Septemba 1990. Kilianzia BBC Two, kikahamia BBC One mwaka 2000, na hadi leo kipo. CNN nao wakaanzisha chao Septemba 2024. Sisi tulipata vichekesho vya Redykyulass mwishoni mwa miaka ya tisini, kisha XYZ Show mwaka 2009 na vikaragosi vyake vya mpira, lakini chemsha bongo ya habari hatuna. KBC waanze. Timu 2 za watu wawili wawili na mwendeshaji mmoja. Warekodi Alhamisi jioni dakika 90 mbele ya watu, wahariri usiku, wakili aitazame asubuhi, Ijumaa usiku zirushwe dakika 28. Na iwe kwa Kiingereza, maana mzaha wa habari haukai kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha Vitimbi, kile kichekesho cha KBC.

Binti Kariokor: Vitimbi wamekukosea nini? Miaka nenda miaka rudi watu wamewacheka Mama Kayai na Ojwang' kwa Kiswahili hicho hicho unachokidharau. Ratiba yako sijaisoma, nimekwama hapo mwisho.

Wakili wa Ngara: Mimi naona hatari iko kwingine. Boris Johnson alianza kualikwa kwenye kipindi hicho mwaka 1998, baadaye akawa anakiendesha kama mgeni. Watu walimzoea kama mtu wa kuchekesha kabla hawajampima kama kiongozi. Wanasiasa wetu watakipigania kiti hicho. Nani atawazuia wasigeuze kipindi kuwa kampeni ya bure?

Mzee Kijiko: Hicho kipindi si kilikufa mwendeshaji wao alipofukuzwa, 2001 au 2003 hivi?

Mlinzi wa Rimoti: Mzee wangu, hakikufa. Angus Deayton aliondolewa Oktoba 2002 baada ya magazeti kuandika mambo yake ya faragha. Aliyeshika usukani kwanza ni Paul Merton, nahodha wa timu mojawapo, kisha wakaingia wageni, kila wiki mtu wake. Kiliwezekana kwa sababu Merton na Ian Hislop, nahodha mwenzake, walibaki kwenye meza zao, na mgeni anasoma maandishi kwenye skrini. Manahodha ndio nguzo. Mgeni akiboronga, wao wanamwokoa.

Binti Kariokor: Bado sijasikia neno kuhusu Vitimbi.

Wakili wa Ngara: Nimeuliza kuhusu wanasiasa, hakuna aliyejibu. Basi niongeze la sheria, maana watu hujidanganya. Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kosa la jinai la kashfa, Februari 2017, lakini kesi ya madai ya fidia ipo palepale. Kutia "inadaiwa" mbele ya uvumi hakukukingi. Ukirudia kashfa ya mwenzako, umeisema wewe. Ndiyo maana wakili akae chumba cha kuhariri akiwa na orodha ya kila mzaha unaotaja jina la mtu. Na uchaguzi ukikaribia ni balaa: Mei 2019 BBC waliondoa kipindi kilichokuwa na mwanasiasa Heidi Allen kwa sababu kura ya Bunge la Ulaya ilikuwa karibu. KBC ni ya umma, itabanwa zaidi.

Mzee Kijiko: Mgeni asipofika je?

Mlinzi wa Rimoti: Mwaka 1993 mwanasiasa Roy Hattersley hakutokea, wakaweka mkebe wa mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake. Hapa tungeweka debe la mafuta ya kupikia na kila mtu angeelewa.

Mwalimu wa Ngeli: Turudi kwa Kiswahili, maana Mlinzi ana hoja moja ya kweli ambayo hajaijua. Vipindi hivi hufunga na raundi ya vichwa vya habari vyenye neno lililofichwa. Kwa Kiingereza unafuta neno, basi. Kwa Kiswahili kitenzi kinakusaliti. Andika "____ lazua rabsha Kayole" na mshindani anajua papo hapo ni LI-YA: gari, jeneza, tangi. "____ chapotea wizarani": cheti, kiti, choo. Ukificha nomino, ufiche na kiambishi, au ufiche kitenzi kizima: "Diwani ____ mbuzi wa mpinzani wake".

Binti Kariokor: Mwalimu, hapo umenipa silaha. Kiambishi ndicho mchezo wenyewe! Mshindani anajua ni KI-VI, anatafuta cha ajabu kuliko vyote ndani ya ngeli hiyo, na mtazamaji nyumbani anatafuta pamoja naye. Ukisikia "chapotea wizarani" unaanza kucheka kabla jibu halijaja. Kiingereza hakina hilo.

Mwalimu wa Ngeli: Sikatai. Ila mwandishi achague vichwa kwa uangalifu. A-WA ni pana mno, mtu na mnyama wote wamo, haimbani mshindani. LI-YA na KI-VI ndizo tamu. U-I ngumu kiasi, wengi watakimbilia mkutano na mkataba.

Mzee Kijiko: Na mpango, na mlango. "Wafungwa gerezani."

Wakili wa Ngara: Swali langu la wanasiasa liko palepale.

Mlinzi wa Rimoti: Nilichouliza ni kama KBC ianzishe kipindi. Tumeishia kwenye darasa la ngeli.

Binti Kariokor: Ulisema Kiswahili hakiwezi. Tunakuonyesha kuwa raundi ya mwisho inawezekana. Ondoa hilo neno la Vitimbi, tuendelee na ratiba yako.

Mlinzi wa Rimoti: Raundi ya mwisho iwe Kiswahili. Hiyo nakubali. Zile nyingine bado.

Binti Kariokor: Na Vitimbi?