Naomba ushauri: sarafu ya fedha inawaka kwenye picha za mnada

Wakuu, napiga picha shilingi za Afrika Mashariki za 1925, zile za simba, za kuuza kwa mnada eBay. Simu iko kwenye stendi, sentimita 25 juu ya sarafu, flashi imezimwa. Chini nimetandika karatasi ya kijivu, maana nyeupe huidanganya kamera na sarafu hutoka nyeusi.

Tatizo ni taa. Ikikaa juu, manyoya ya shingoni mwa simba yanamezwa na mng'ao. Nikiishusha ubavuni, nyuzi 30 hivi, maandishi yanasomeka vizuri, ila vikwaruzo vidogo vinaonekana mitaro, mnunuzi atadhani sarafu imesuguliwa. Kasoro sitaki kuzificha, nataka zionekane kwa ukubwa wake halisi.

Je, niweke kioo angavu (cha dirisha, si cha kujitazamia) kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, kielekeze mwanga wa taa ya ubavuni chini kwenye sarafu, au kadi nyeupe ya kurudisha mwanga upande wa pili wa taa yatosha?