Naomba ushauri: nachongesha vifaa vya Montessori kwa seremala, nianze na vipi?

Mwl Chekechea: Salaam wanajamvi. Darasa ni la Montessori, yaani mtoto hujifunza kwa kushika vifaa na kujigundulia makosa mwenyewe; lina watoto wa miaka 3 hadi 6, na bajeti inatosha seti chache tu. Nawaza mnara wa waridi (michemraba ya kupandanisha, yote rangi ya waridi), silinda za vishikio (za kuchomeka kila moja kwenye tundu lake) na sanduku la vijiti vya kuhesabia. Seremala anashauri kila mchemraba wa mnara upakwe rangi yake ili uvutie. Nimkubalie? Herufi za msasa nazo, zile za kupapasa kwa vidole, nitengeneze mwenyewe?

Fundi Randa: Rangi usikubali, mwalimu. Mnara ni michemraba 10, kuanzia sm 1 hadi sm 10 kila upande, na kinachotofautiana ni ukubwa peke yake. Ukiweka rangi kumi, mtoto atakariri kwamba njano hukaa juu ya kijani, na jicho halitapima kitu.

Ugomvi mkubwa ni mbao. Ikiwa mbichi, itanywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na mchemraba hautakuwa mchemraba tena. Dai iliyokauka. Fundi ahesabu pia njia ya msumeno, maana hula milimita kadhaa kila anapokata. Akimaliza, panga mnara ulingane kwenye kona moja, kisha pitisha kale ka sm 1 kwenye kila kidaraja kilichojitokeza: kakae barabara. Kimo chote kisome sm 55.

Sifuri: Silinda nunua zilizo tayari. Ni vibao 4 vyenye silinda 10 kila kimoja, na tundu likilegea kidogo tu, silinda nene inaingia kwa jirani. Mtoto anamaliza zote, kakosea, na hakuna kilichomwambia. Hapo umenunua pambo.

Vijiti ni 45 kamili, vyumba vimeandikwa 0 hadi 9, cha sifuri hubaki tupu. Usiweke vya akiba sandukuni! Mtoto hujua kakosea kwa kubakiza au kupungukiwa. Hesabu kila jioni, na usilitoe kabla hawajazoea fimbo za namba (fimbo za urefu tofauti za kujifunzia 1 hadi 10).

Mwl Chekechea: Asanteni wakuu. Na herufi?

Bi Irabu: Hizo tengeneza mwenyewe. Msasa laini, namba 120 hivi. Ukikwaruza sana mtoto atakwepa kuugusa. Chora herufi kinyume upande wa nyuma, la sivyo ukikata inatoka imegeuka. Bandika kwenye kibao laini: irabu bluu, konsonanti waridi. Gundi isivuje pembeni, ikikauka inachanganya vidole. Ch, sh, ny, dh na wenzao kila moja ipate kibao chake, kwa kuwa ni sauti moja.

Fundisha mbili au tatu kwa mkupuo, zisizofanana. B na d zitenganishe kwa siku kadhaa. Pitisha vidole viwili kufuata mwelekeo wa kuandika, ukitamka sauti: "mmm", si jina la herufi. Kwanza "hii ni mmm", halafu "nionyeshe mmm", mwisho "hii ni nini?" Akikwama kwenye swali la mwisho usimsahihishe, rudi hatua ya pili au funga somo hadi kesho.