Kodi ya matumizi Marekani: muuzaji hakukata, nani alipe?

Makole: Wakuu, dada yuko California. Kanunua kamera ya dola 800 mtandaoni, muuzaji mdogo wa Oregon. Risiti haina kodi. Kamaliza?

Area C: Bado, mkuu. Oregon haina kodi ya mauzo, ila California inamdai mnunuzi kodi ya matumizi, yaani ile anayolipa mwenyewe pale muuzaji asipokata kodi ya mauzo. Kiwango cha chini ni 7.25%, yaani dola 58. Kaunti na miji mingi huongeza juu yake, kwa hiyo aangalie kiwango cha anwani yake. Anaijaza kwenye fomu 540, ile ile ya kodi ya mapato. Angekuwa amekatwa 5% jimbo jingine, yaani dola 40, angemalizia dola 18 tu.

Nkuhungu: Mbona maduka makubwa hukata yenyewe?

Area C: Hukumu ya kesi ya Wayfair, 2018: Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu majimbo kuwalazimisha wauzaji wa nje ya jimbo wakate kodi. California huwabana wale ambao mauzo yao ndani ya California yanapita dola 500,000 kwa mwaka. Wadogo wanaponyoka, mzigo unabaki kwa mnunuzi. Wengi hawalipi, lakini deni lipo.

Ipagala: Akiituma Dodoma, TRA hupiga VAT 18% juu ya bei, bima, usafiri na ushuru wa forodha. Alicholipa California hakipunguzi kitu. Risiti iambatane na kifurushi, la sivyo forodha watakadiria thamani wenyewe.